Nilivyozishona Kurasa za Kilio

Jumatatu, 4 Machi

Mwanangu bado yuko kitandani. Si mgonjwa. Kaachwa.

Aliyemwacha ni yule Mwenye Tai. Nilimpa jina hilo siku ya kwanza alipokuja kujitambulisha, jua linawaka, shingo imekabwa kama mdomo wa gunia. Kavunja uchumba kwa ujumbe wa simu. Hata kupiga hakupiga! Mteja akighairi gauni huja mwenyewe hapa kwenye cherehani yangu, ananiangalia usoni, anadanganya kwamba kafiwa. Huyu kaghairi mtu mzima kwa kidole gumba.

Nyumba hii ilikuwa ya mizaha. Ukikaa, unakagua kiti kwanza. Baba watoto ni fundi bomba, anajua kuyatoa maji mahali usipoyategemea. Binti ndiye aliyerithi. Mwaka jana alinibadilishia vishikizo vya gauni langu la kutokea, kila kimoja na rangi yake. Niligundua nikiwa msibani, mstari wa mbele.

Sasa kimya kama maji mtungini. Anasoma riwaya za mapenzi, analia, analala. Siku hizi anaanza kulia kabla ya kufungua kitabu.

Leo bosi wake wa duka la dawa kanipigia. Kaongea kwa upole, na upole ndio ulionitia homa. Kasema anamuonea huruma, lakini wagonjwa hawasubiri moyo wa mtu upone. Jumatano ya wiki ijayo binti asipokuwa nyuma ya kaunta, ataweka mwingine. Kazi aliyoihangaikia vile!

Nimeapa. Jumatano atakwenda, na atakwenda anacheka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hila sijawahi kukosa. Baba watoto anasema ninachokosa ni breki.

Jumanne, 5 Machi

Hila ya kwanza. Chumvi kwenye chai ya Baba watoto, binti akiwa mezani. Zamani mchezo huu ungemfanya aanguke kwenye kiti.

Nimemtoa kitandani kwa kumwambia kuna mende. Kaja, kakaa, macho mekundu. Baba watoto kapiga funda la kwanza. Nikabana kicheko. Kapiga la pili. Kamaliza kikombe! Kafuta masharubu, kanishukuru, kasema leo chai imekolea. Binti hakuinua hata uso. Kauliza mende yuko wapi, karudi kulala.

Nimemuuliza mume wangu kwa siri alijisikiaje. Kasema aliona nimechoka na mawazo, akahofia akitema nitalia. Sasa huyu naye! Ananihurumia wakati natega!

Tatizo ni vitabu. Nimegundua leo. Mtu ana kidonda halafu kila siku anakipaka pilipili. Nimekwenda kwa Bwana Miwani, yule anayekodisha vitabu kwenye kibanda karibu na kituo cha mabasi, maana ni mimi ninayemchukulia binti vitabu tangu augue moyo. Nimeomba riwaya isiyo na kilio. Kanitazama juu ya miwani. Kasema, mama, kitabu kisicholiza ni cha hesabu, na hicho nacho kimeliza wengi.

Kanipa kimoja cha binti wa mwenye kinu cha kusaga na bwana mpima ardhi. Kasema hiki kina majonzi kidogo tu, pale katikati.

Pale katikati. Nimelishika hilo neno.

Jumatano, 6 Machi

Nimewahi kitabu kabla yake. Binti nimemwambia Bwana Miwani bado anakitafuta.

Mimi niliachia shule darasa la nne, nyumbani walinihitaji. Nasoma kwa kidole na midomo, kama mtu anayetafuna. Kusoma kitabu kizima mpaka Jumatano ijayo, ng'oo! Kwa hiyo sikusoma. Niliwinda. Nimeteremsha kidole kila ukurasa nikitafuta maneno mabaya tu. “Kwaheri.” “Machozi.” “Basi likaondoka.” Nikayakuta yote mahali pamoja, kama wezi wamekaa kikao. Bwana mpima ardhi anapanda basi, hageuki nyuma, binti wa kinu anabaki na kitambaa mkononi.

Nikamfikiria mwanangu akifika hapo. Kuchana ukurasa siwezi, kitabu ni cha watu. Nikakaa nacho mapajani pale pale kwenye cherehani, mguu ukiwa kwenye kanyagio.

Mguu wangu ndio uliofikiri.

Nimetoa sindano ya kitambaa chembamba nikatia ile nene ya kushonea jinzi. Uzi wa zambarau, ndio uliokuwemo. Nikapanga kurasa za kilio pamoja, nikazipiga mshono pande tatu, kama mfuko wa shati. Mnyoofu! Karatasi inashonika vizuri kuliko hariri, haitelezi wala hailalamiki. Mtu akisoma anaruka tu kutoka kwenye raha hadi kwenye raha.

Nimempelekea kitabu na chai. Nimetoka kwa kunyata. Kwa kweli Mungu kanipa akili, shule tu ndiyo ilichelewa.

Alhamisi, 7 Machi

Binti kasoma siku nzima. Hajalia! Nimeweka sikio mlangoni mara kwa mara, nikisingizia kufagia. Mlango ule haujawahi kufagiwa namna hiyo.

Saa ya chai kaja mwenyewe, bila habari ya mende. Kauliza, mama, huyu bwana alikuwa anakunja suruali apande basi, nikageuza ukurasa nikamkuta ana mjukuu. Imekuwaje? Nikasema waandishi wa siku hizi wana haraka, wanataka kumaliza waende zao. Kaniangalia kwa kitambo. Nikajitia kutafuta uzi uliodondoka. Kasema, ahaa.

Karudi chumbani. Muda si muda nikasikia kikohozi. Kifupi kifupi, cha kubana. Roho ikanipasuka. Moyo umeanza kupona, sasa kifua! Nimempelekea tangawizi. Kanywa huku kajifunika shuka usoni, mabega yanatikisika.

Baadaye kauliza kama cherehani ina mafuta. Nimesema ina mafuta. Kauliza kama anaweza kupunguza sketi yake mwenyewe, imempwaya. Nimefurahi mno. Nimemwachia chumba cha mbele, nikaenda sokoni.

Ijumaa, 8 Machi

Nimerudisha kitabu vilevile na mshono wake. Sikufumua. Anayefuata kukikodi naye ana moyo.

Nimechukua kingine kinene. Binti nimemwambia Bwana Miwani hajakileta bado, nikakificha kwenye kapu la vipande vya vitambaa ili nikiwinde kwanza.

Sasa nikiri jambo. Nimeanza kuwinda, nikakuta nasoma. Kuna shangazi wa bwana harusi, jeuri, mnene, kavaa viatu vya kisigino, anakimbilia harusini kwenda kuizuia. Anajua siri! Anapita njia ya mkato nyuma ya soko, anateleza, anaanguka kwenye matope puu! Hapo mteja akaingia na suruali ya kutia zipu. Karibu nimfukuze. Nimeweka kipande cha uzi mwekundu nilipofikia.

Jirani naye kaja. Msusi, mwenye saluni ya ukuta mmoja na sisi. Bintiye anaolewa mwezi ujao, na habari hiyo anaibeba kama mtoto mgongoni. Kakaa juu ya kitambaa cha watu, kauliza kwa huruma yenye meno, eti wako bado kalala? Nikasema halali, anasoma. Anasomea cheo. Kauliza cheo gani? Nikasema kikubwa, hata jina lake halijatafsiriwa. Kaondoka na midomo imebinuka. Amekoma.

Halafu nikatubu, maana kesho akiuliza tena nitahitaji cheo kingine.

Jumamosi, 9 Machi

Nimefungua kwenye uzi wangu mwekundu. Shangazi kakimbia. Njia ya mkato. Kaanguka kwenye matope.

Tena!

Huyu mwandishi ana shida gani? Jana mama wa watu kaanguka, leo kaanguka, mahali palepale. Basi amezoea. Nimesoma kwa shida mpaka pale anaposhika nguzo, mteja akaingia, nikaweka uzi.

Nimemlalamikia Baba watoto wakati wa kula. Kasikiliza kwa makini sana, kijiko kimesimama hewani. Kasema labda shangazi abadilishe viatu. Binti, ambaye siku hizi anakula mezani, kapaliwa na maji. Nikampiga mgongoni. Kikohozi kile kimerudi, na sasa Baba watoto naye kakipata. Wote wawili wanakohoa, wameinamia sahani, machozi yanawatoka. Ni cha kuambukiza!

Nimefungua madirisha yote.

Jumapili, 10 Machi

Shangazi kaanguka kwa mara ya tatu.

Nimekifunga kitabu kwa hasira. Mimi ni mama, nina magoti mabovu, sichekeshwi na mtu mzima kuanguka kila siku. Na harusi je? Wageni wamekaa wanasubiri kwenye viti tangu Ijumaa! Kesho nakwenda kumwambia Bwana Miwani kwamba kitabu chake kibovu, kimechapwa ukurasa mmoja mara nyingi.

Mengine shwari. Binti kaosha nywele. Kauliza tena kitabu kinene kimefika? Nikasema bado. Kasema hana haraka, kavuta mlango, kikohozi.

Jumatano inakuja mbio, naye hajataja kazi hata kidogo. Koti lake jeupe la duka la dawa linaning'inia nyuma ya mlango. Nikimtajia, nitamsukuma. Nisipomtajia, siku itampita. Nimepiga moyo konde, nimefagia mlango.

Jumatatu, 11 Machi

Masalale! Siku hii ifutwe kwenye kalenda.

Nimefika kibandani nimejiandaa kulalamika. Nani yupo mbele yangu? Msusi! Mkononi kashika kitabu cha binti wa kinu, wembe mkono wa pili, kucha zote zina rangi ya nywele. Anamfokea Bwana Miwani. Kumbe alikikodi Ijumaa ileile, akafika kwenye kurasa zilizoshonwa, akadhani wamefungia mambo ya watu wakubwa. Akazipasua mshono kwa wembe pale saluni. Akakuta basi, kwaheri, kitambaa mkononi. Kalia! Kalia mpaka akamsahau mteja aliyekaa na dawa kichwani. Mteja aliomba nywele nyeusi. Zimekuwa rangi ya chungwa. Na mteja mwenyewe ni nani? Ni mama mkwe mtarajiwa wa bintiye!

Sikucheka. Nilijikaza kisabuni.

Bwana Miwani akachukua kitabu, akaangalia nyuzi zilizobaki. Akaangalia gauni langu. Pindo lina uzi uleule wa zambarau. Akaangalia kitabu. Tena gauni. Yule mtu haoni mbali, lakini karibu anaona kama tai.

Nikataka kukana. Halafu nikaona jambo la ajabu: mshono wa upande mmoja umepinda kama njia ya ng'ombe. Mimi sishoni hivyo! Nusura nijitetee kwa kusema wangu ni ule ulionyooka. Nikafunga mdomo, lakini ulikuwa umeshaanza kufunguka, na Msusi aliuona.

Nimesemwa! Bwana Miwani kasema katika maisha yake ameona vitabu vikimwagiwa chai, vikiliwa na panya, vikifungiwa karanga, ila kushonewa mfuko hajaona. Msusi kasema sasa anaelewa cheo ambacho binti yangu anakisomea, ni cha kufumua. Hiyo ilinichoma, maana ilikuwa nzuri.

Adhabu: vitabu vyote vya kibandani vilivyolegea mgongo nivishone upya, bila kuruka kimoja. Nimekubali, kichwa chini. Ila wakati wa kuondoka nikakumbuka kilichonileta. Nikamwambia, na wewe usijione, kitabu chako kinene shangazi anaanguka mara tatu.

Kasema anaanguka mara moja. Amekisoma tangu hajaota mvi. Mara moja tu, halafu anainuka, anafika.

Nimerudi nyumbani nawaza. Labda huyu mzee aliruka kurasa.

Jumanne, 12 Machi

Nimejua yote. Naandika, sijui kwa hasira au kwa furaha.

Asubuhi nilitoka kwenda kuanza adhabu, nikasahau mkasi, nikarudi. Chumba cha mbele kuna watu wameinama juu ya kapu langu kama wanaiba kuku. Binti, na babake na bomba lake begani. Kitabu kinene kiko wazi. Binti kashika uzi wangu mwekundu kwa vidole viwili, anaurudisha nyuma. Anamuuliza babake, leo tumwangushe tena au tumwonee huruma? Babake anasema, mara moja ya mwisho, mama yako anampenda yule shangazi.

Mkasi nilioufuata nikausahau tena.

Waligeuka. Binti akaangua kicheko. Si kikohozi, kicheko chenyewe, cha zamani, kinachoanzia magotini. Akakaa chini sakafuni. Babake akageukia ukuta akitikisika. Na mimi niliyeapa kumchekesha nimesimama mlangoni nimekasirika! Nikamwambia baba mtu mzima na bomba lake aondoke. Hakuondoka.

Kisha kicheko cha binti kikageuka kilio. Nilikimbia kumziba, kumfuta, kumwambia nyamaza mama. Akanishika mikono yote miwili. Akasema, “Mama, niache nilie. Kilio nacho kina mwisho. Ukikishona, hakifiki.”

Kaniambia aliuona mshono Alhamisi ileile. Akaufumua, akasoma basi na kitambaa, akalia vizuri kwa mara ya kwanza, uso kwenye mto, mpaka ukurasa wa mwisho. Akamcheka mama yake mpaka akajifunika shuka. Halafu akausubiri mguu wangu uende sokoni, akazishona kurasa tena nisijue. Ndiyo maana mshono umepinda! Sketi haikuguswa.

Tumekaa sakafuni, kichwa chake begani kwangu. Kalia, nami sikusema neno. Naandika hapa kwa sababu haijawahi kutokea.

Alipomaliza kajifuta, kauliza koti jeupe liko wapi, lipigwe pasi. Kajaribu, limempwaya. Nimelibana kiunoni, lakini nimeacha kitambaa cha ziada kwa ndani. Atarudia mwili wake.

Nimemuahidi sitaingilia tena mambo ya moyo wake. Nimeelewa kabisa. Mtu akiwa na huzuni unamwacha, akiwa na furaha unamwacha. Nimeapa mbele ya babake, ambaye alikohoa.

Jumatano, 13 Machi

Amekwenda! Asubuhi mapema, koti limenyooka, nywele zimebanwa. Mlangoni kaniambia kiti changu kiko salama, nikae tu. Nimekikagua robo saa. Kilikuwa salama kweli. Huo ndio ulikuwa mzaha wenyewe.

Bosi wake kapiga simu kusema yuko kaunta, na kamrudishia mteja mmoja cheti kwa sababu dozi ilikosewa, kwa hiyo kichwa kimo. Nimemshukuru mpaka akakata.

Nikachukua kitabu kinene. Shangazi kainuka kwenye matope! Kavua viatu, kaingia harusini pekupeku, kila mtu kageuka. Nimepiga kelele hadi Msusi akagonga ukuta. Nikamwambia apite tu. Kapita, kakaa juu ya kitambaa cha watu, nikamsomea kwa kidole. Mama mkwe mtarajiwa kaipenda ile rangi ya chungwa, kumbe. Kasema imempunguzia miaka. Baadhi ya watu hata wakianguka wanaangukia godoro.

Jumapili, 17 Machi

Vitabu vya adhabu vinaendelea. Baba watoto kazibua sinki. Nyumba imetulia, nami nimeridhika, nashukuru.

Ila.

Binti tangu Ijumaa anarudi anatabasamu. Anaimba bafuni. Jana simu yake imelia, akaitazama, akacheka peke yake, akaigeuza kifudifudi mezani. Nimemuuliza nani, kasema mtu wa kazini. Mtu gani? Anayepanga masanduku ya dawa? Anayekuja kununua dawa? Kama ananunua dawa kila siku, basi ana ugonjwa, na mimi ndiye mama, lazima niujue. Ana tai? Sikumuuliza. Nimeahidi.

Na ahadi ni deni. Sitaingilia mambo ya moyo wake hata kidogo.

Lakini lile duka la dawa ni la umma, mlango wake uko wazi kwa kila mgonjwa. Kesho nitaamka kichwa kinaniuma. Nimeshachagua upande: wa kushoto, kwa sababu nikiushika huo, macho yanabaki yakiangalia kaunta.